Kamba, jabali na duara: Ni nani anayejitia katika maangamizo?

Baada ya darsa la jioni katika msikiti mmoja wilayani Biharamulo, kijana mmoja aliuliza swali. Alikuwa ameona katika simu picha za watu wakipanda Mlima Kenya kwa kamba, mahali ambapo jabali limesimama wima kama ukuta wa nyumba. Akataka kujua: mtu wa namna hii akianguka akafa, si amejiua? Mzee mmoja akamjibu haraka kuwa hukumu iko wazi, kwani aya ya 195 ya Suratul Baqara inakataza watu kujitia katika maangamizo kwa mikono yao wenyewe. Mjadala ulikuwa karibu kufungwa. Ndipo kijana mwingine, ambaye humlisha mama yake kwa kazi ya kuchimba dhahabu, alipouliza: "Na sisi tunaoshuka kwenye duara?"

Hapo watu walinyamaza. Makala hii inajaribu kuyajibu maswali hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu kwa hakika ni swali moja. Mmoja anapanda kwa kamba, mwingine anashuka kwa kamba. Wote wawili wamelitia roho jabali. Ikiwa aya inamhukumu wa kwanza, itamwachaje wa pili? Na ikiwa inamwacha wa pili kwa sababu ya njaa yake, je, inamwacha pia yule aliyemtuma?

Kwa asiyeujua upande huu wa mkoa wa Kagera, dhahabu ya Biharamulo si hadithi. Mgodi mkubwa wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na mwaka 2013 ukaingia mikononi mwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Lakini mbali na migodi yenye uzio na mitambo, wapo wachimbaji wadogo. Vijana wa Biharamulo, na wenzao wanaotoka katika vilima vya Ngara ambako ardhi ya kulima imekuwa finyu, huenda kwenye machimbo hayo na yale ya Geita jirani. Shimo lao huitwa duara. Ni tundu jembamba linalokwenda chini makumi ya mita, kuta zake zikizuiwa kwa magogo yanayoitwa matimba. Mtu hushushwa kwa kamba, na mawe hupandishwa kwa kamba hiyo hiyo.

Turudi kwanza kwa mpanda jabali, maana wengi wetu tunamhukumu bila kujua anafanya nini.

Kilimanjaro, mlima wenye mita 5,895, watu wengi huupanda kwa miguu yao, fimbo mkononi. Mlima Kenya hauko hivyo. Vilele vyake viwili virefu kuliko vyote, Batian chenye mita 5,199 na Nelion chenye mita 5,188, ni majabali matupu. Mtalii wa kawaida huishia kilele cha tatu, Lenana, chenye mita 4,985. Majina yote matatu yanatokana na viongozi wa Kimaasai. Batian kilifikiwa mwaka 1899 na Mwingereza Halford Mackinder pamoja na waongozaji wake wawili kutoka milima ya Alps. Nelion kilisubiri hadi Januari 1929, kilipopandwa na Eric Shipton na Percy Wyn-Harris. Njia yao ndiyo inayoitwa hadi leo njia ya kawaida ya Nelion, na ina ngwe karibu ishirini.

Tumeziita ngwe kwa makusudi. Mkulima hugawa shamba kwa ngwe ili jembe lisimshinde. Mpanda jabali naye huligawa jabali kwa urefu wa kamba yake. Watu wawili hujifunga katika ncha mbili za kamba moja. Mmoja hubaki chini akiwa amejifunga imara kwenye mwamba, na kamba hupita mikononi mwake. Wa mbele hupanda, na kila baada ya mita chache hupachika kabari ya chuma katika ufa wa mwamba, akatia pete, akapitisha kamba. Akiteleza akiwa mita tatu juu ya kabari ya mwisho, ataanguka mita sita na zaidi kidogo, kwa kuwa kamba hunyumbuka, kisha atasimama, ikiwa kabari imeshika na mwenzake ameshika. Akimaliza ngwe, hujifunga kwenye mwamba na kumshikia mwenzake kamba. Mwenzake hupanda akizing'oa kabari moja moja, ili zitumike ngwe inayofuata. Katika upandaji huu wa jadi hakuna matundu yaliyotobolewa wala vyuma vilivyowekwa tayari ukutani. Kinga uliyo nayo ni ile uliyoipachika kwa mkono wako na kwa uamuzi wako.

Wala isidhaniwe kuwa haya ni ya wazungu peke yao. Mwaka 1973 Mkenya Thumbi Mathenge, akiwa na Phil Snyder, walikuwa watu wa kwanza kupanda mkondo wa barafu wa Mlima Kenya unaojulikana kama Diamond Couloir.

Sasa tuitazame ile aya. Abu Ayyub al-Ansari (r.a.), sahaba aliyempokea Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake Madina, alikuwamo katika jeshi la Waislamu lililoizingira Konstantinopo. Mtu mmoja akaingia peke yake katikati ya safu za adui, na watu wakapiga kelele kuwa amejitia katika maangamizo. Abu Ayyub aliwasahihisha. Aliwaeleza kuwa aya hiyo iliteremka kwa ajili yao wao Ansari, pale baadhi yao walipofikiri kuwa Uislamu sasa umepata nguvu, hivyo wabaki nyumbani wakarekebishe mashamba na mali zao. Kumbe maangamizo yaliyokusudiwa yalikuwa kukaa na kuacha wajibu. Habari hii imepokelewa na Abu Daud na Tirmidhi.

Ndugu msomaji, hii haina maana kuwa aya haihusu kulinda uhai. Wanazuoni wamesema kuwa matamshi ya aya ni mapana kuliko tukio lililoiteremsha, nao wamehesabu kuhifadhi nafsi kuwa ni moja ya makusudio makubwa ya sheria. Amr bin al-As (r.a.) akiwa safarini aliamka na janaba usiku wa baridi kali. Akatayamamu akaswalisha, kwa kuogopa kuwa akioga atakufa, na Mtume (s.a.w.) alipoambiwa alicheka, hakumlaumu. Ikiwa uhai unalindwa hata mbele ya josho la wajibu, basi thamani yake ni kubwa. Tunachosema ni kwamba aya hii haikuteremka ili kila aliyekaa amlaumu kila aliyetoka. Miaka ya mwanzo ya 2000, wakati majambazi walipokuwa wakiteka magari katika mapori ya Biharamulo, mabasi yalipita yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Abiria walijua hatari, wakapanda. Hatukumsikia mtu akiwaambia wauguzi, walimu na wafanyabiashara wale kuwa wamejitia katika maangamizo. Walikuwa na safari, na walichukua tahadhari iliyowezekana.

Kwa hiyo hatari peke yake haitoshi kuwa kipimo. Tunahitaji kipimo kingine, na Sunna inatupa madaraja matatu ya mtu aliye mahali pa juu.

Daraja la kwanza ni la mtu anayejitupa. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inamtaja waziwazi anayejirusha kutoka mlimani ili ajiue, na inamtishia kuwa adhabu yake itakuwa ya namna ile ile. Hapa kuna kusudio la kufa. Mpanda jabali hana kusudio hilo. Mtu anayetaka kufa habebi kabari, wala hamwombi mwenzake ashike kamba.

Daraja la pili ni la mtu anayelala juu ya dari lisilo na ukingo. Katika hadithi iliyopokelewa na Abu Daud, Mtume (s.a.w.) amesema kuwa mtu huyo dhamana imemwondokea. Huyu hakutaka kufa. Alitaka kulala tu, apate upepo. Lakini aliweza kujenga ukingo, au kulala mahali pengine, na hakufanya. Uzembe wake ndio unaomhukumu.

Daraja la tatu ni la mtu anayemfunga ngamia wake kisha akamtegemea Allah (s.w.), kama alivyofundishwa yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.), naye Tirmidhi ameipokea habari hiyo. Huyu anajua kuwa fundo si mungu, lakini pia hatumii jina la Mungu kujivulia uvivu wa kufunga fundo.

Mpanda jabali mwenye elimu ya kazi yake, anayekagua kamba na kurudi chini hali ya hewa inapobadilika, yuko daraja la tatu. Na sisi wenyewe tunawajua watu waliomo katika daraja la pili ambao hawajapanda hata kichuguu. Dereva anayeteremka vilima vya Ngara kuelekea Rusumo na lori lenye breki mbovu, akisema "Mungu mkubwa", amelala juu ya dari lisilo na ukingo, na amewalaza na wengine.

Patakuwa na atakayesema: huyo wa mlimani anatafuta nini huko juu, hana shamba wala duka? Ni hoja, lakini tusiitumie kupita kiasi. Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi, na farasi huua. Alipigana mieleka na Rukana. Mwili wenye nguvu na moyo usio mwoga si vitu vya kudharauliwa katika dini yetu. Kinachobatilisha ni majivuno. Aya ya 37 ya Suratul Israa inamkumbusha anayetembea kwa kiburi kuwa hawezi kuipasua ardhi, wala hatafikia urefu wa milima. Tazameni jinsi aya moja ilivyowakusanya watu wetu wawili, wa mlimani na wa shimoni. Anayepanda ili aseme ameushinda mlima amejidanganya. Mlima uko pale pale. Anayepanda akarudi akijua udogo wake, huenda amepata kitu ambacho wengine hawakipati katika khutba kumi.

Hata hivyo, lipo jambo la nne ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Kamba ina ncha mbili. Swali halimhusu aliye juu peke yake. Linamhusu pia aliyeshika, na wale watakaoitwa kamba ikikatika.

Mwezi Septemba 1970 madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wakishuka kutoka kilele cha Batian. Jiwe likang'oka, Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika vibaya, mfupa ukatoka nje. Oelz aliishika kamba kwa mikono yake, ikamuunguza, lakini hakuiachia. Baada ya hapo ilianza kazi iliyochukua zaidi ya wiki moja. Wanachama wa chama cha wapanda milima cha Kenya walipanda kumwokoa, na kikosi kikaja kwa ndege kutoka Innsbruck. Judmaier alitoka hai. Lakini rubani Mmarekani, Jim Hastings, aliyekuja na helikopta kusaidia, alianguka nayo akafa. Hakuwa amefungwa katika kamba ile. Hakuwa amepanga kupanda Batian. Wito ulikuja, naye akaenda.

Tunasema nini juu ya hili? Hatusemi kuwa Judmaier alimuua Hastings. Anayekwenda kuokoa huenda kwa hiari yake, na Qur'an katika aya ya 32 ya Suratul Maida inamlinganisha aliyeihuisha nafsi moja na aliyewahuisha watu wote. Tunasema kuwa hakuna mtu anayeihatarisha nafsi yake peke yake. Anayesema "ni maisha yangu" hakuhesabu vizuri. Mama yake yumo, watoto wake wamo, mwenzake wa kamba yumo, na yumo hata mtu asiyemjua ambaye moyo wake hautamruhusu kukaa atakaposikia kuna mtu amekwama. Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa waliopanda jahazi moja, wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Sehemu ni yao kweli, lakini bahari haijui mipaka ya sehemu.

Sasa tushuke kwenye duara, maana huko ndiko swali linakotuuma.

Wapanda jabali wawili wa Nelion wana usawa ambao shimoni haupo. Wa mbele akimaliza ngwe, humshikia kamba yule wa nyuma. Leo mimi nakushika, kesho wewe wanishika. Kila mmoja ameikagua kamba kwa macho yake kwa sababu kila mmoja ataning'inia juu yake. Je, katika duara mwenye duara hushuka? Yeye hukaa juu kivulini. Kamba hainunui yule anayening'inia, hununua yule asiyening'inia, na kila mwezi anaochelewa kuibadilisha ni faida kwake. Matimba yakioza, hatakuwa chini yake. Mvua za masika zikilowesha kuta, anayeamua kuwa kazi iendelee si yule atakayefukiwa.

Na huyu kijana anayeshuka, yuko daraja gani? Hajitupi. Anataka kuishi, na kwa sababu hiyo hiyo anashuka. Wala si sahihi kumlinganisha na aliyelala darini kwa hiari wakati kitanda kipo chini. Angeomba matimba mapya angeambiwa aondoke, wapo kumi wanaosubiri nafasi yake. Basi yule asiyejenga ukingo ni nani? Ni mwenye dari. Kwa maoni yetu, aya ya maangamizo ikisomwa machimboni, isomwe mbele ya kiti cha mwenye duara kabla ya kusomwa mdomoni mwa shimo.

Wapo wanaonong'ona, duara linapoua, kuwa marehemu "kajitakia", na wengine hufikia kuuliza kama anastahili kuswaliwa kama wengine. Hili ni kosa kubwa. Katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amemtaja aliyekufa kwa kuangukiwa na kifusi kuwa miongoni mwa mashahidi, pamoja na aliyezama majini na aliyekufa kwa tauni. Kijana aliyekufa chini ya udongo akiwatafutia wazazi wake chakula cha halali anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa na kuombewa dua kwa matumaini makubwa. Lakini tahadhari: fadhila ya aliyefukiwa si hati ya msamaha kwa aliyesababisha. Mwenye duara asije msibani na gunia la mchele akasema shahidi hana deni. Shahidi hana, yeye anaye.

Wala asiseme mtu kuwa ajali hizi ni kadari tu, hakuna la kufanya. Januari 2017, katika machimbo ya Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 walifukiwa chini ya ardhi. Watu hawakukaa wakasema ni kadari. Walichimba, wakawafikia, na wote 15 walitolewa hai baada ya siku kadhaa. Kadari ilikuwa kufukiwa, na kadari ilikuwa kuokolewa. Tofauti ilipitia katika mikono ya watu waliofanya kazi. Kama tunaweza kuchimba usiku na mchana mtu akishafukiwa, tunashindwa nini kubadilisha gogo kabla hajafukiwa?

Tukitaka mfano wa tawakkul mlimani, tunao, wala hauko Mlima Kenya. Usiku wa Hijra mwaka 622, Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walipanda Mlima Thaur, jabali gumu, wakaingia pangoni. Hakuna binadamu aliyemtegemea Allah kuliko yeye. Na bado tazameni maandalizi. Walielekea kusini wakati Madina iko kaskazini. Asma binti Abubakar alihusika na chakula. Abdullah bin Abubakar alileta habari za mjini. Amir bin Fuhaira alipitisha mbuzi juu ya nyayo ili zifutike. Mwongozaji, Abdullah bin Uraiqit, alikodiwa kwa sababu anaijua njia, ingawa hakuwa Mwislamu. Kila kabari ilipachikwa. Kisha maadui walipofika mlangoni mwa pango na hapakuwa tena na la kufanya, ndipo lilipobaki lile neno la utulivu kwa Abubakar kwamba Allah yu pamoja nao. Neno hilo lilikuja mwisho wa kazi. Sisi tunalileta mwanzo, badala ya kazi.

Basi tunawaomba maimamu wa Biharamulo na Ngara wasiishie kuwahubiria vijana subira. Wawatembelee wenye maduara, wengine wao husali safu ya mbele, wawaulize kamba ina umri gani, na kama wao wenyewe wangeshuka kwayo. Kipimo hicho hakihitaji mhandisi. Kamba usiyoweza kuning'inia wewe, usimning'inize mtoto wa mwenzio. Tunawaomba pia vijana: mkikutana watano, mkakataa pamoja kushuka shimo lililolowa, huo si woga. Mpanda jabali anayerudi chini akiwa amebakiza ngwe mbili kwa sababu mawingu yamefunga hahesabiwi mwoga na wenzake. Huhesabiwa mtu anayeijua kazi yake.

Na kwa wenye maduara tuna habari moja ya kuwakumbusha. Watu watatu waliingia pangoni kujikinga, jabali likaporomoka likaziba mlango. Kila mmoja akamwomba Allah kwa amali yake njema kuliko zote. Wa kwanza alitaja wema wake kwa wazazi, jiwe likasogea kidogo. Wa pili akataja jinsi alivyoiacha zinaa kwa kumcha Mungu, likasogea tena, lakini bado hawakuweza kutoka. Wa tatu alikuwa tajiri. Hakutaja swala za usiku wala msikiti alioujenga. Alitaja ujira wa kibarua wake mmoja aliyeondoka bila kuuchukua, jinsi alivyoutunza na kuuzalisha mpaka ukawa mifugo mingi, na kumkabidhi wote aliporudi. Hapo jabali likafunguka.

Haki ya kibarua ndiyo iliyomaliza kulisogeza jabali. Mwenye duara ajiulize, siku jabali lake litakapoziba mlango, naye hana pa kutokea, atataja nini.

Wallahu a'lam.